Besi ya bei nafuu kwa mpiga gitaa anayerekodi nyumbani

Anza na urefu wa uzi, yaani kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa besi. Besi nyingi zina inchi 34. Zile fupi zina 30, na mkono uliozoea gitaa la inchi 25 na ushee huzizoea upesi. Ila uzi wa E kwenye besi fupi hulegea, kwa hiyo funga seti nene kidogo iliyotengenezwa kwa urefu huo.

Pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) moja ya aina ya Precision, ile ya besi ya Fender yenye jina hilo, inatosha kabisa. Koili zake mbili hufuta mvumo wa kompyuta, kero kubwa ya kurekodi chumbani.

Kabla ya kulipa, bana uzi wa E kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa wakati mmoja, uchungulie freti ya 8. Pawe na mwanya mwembamba, kama unene wa kadi. Uzi ukilala juu ya freti, shingo imenyooka mno au imepinda kwa nyuma, na nyuzi huenda zikakwaruza. Kisha tuni uzi huo ukiwa wazi, halafu piga freti ya 12 ukitazama programu ya kutuni: sauti ikiwa juu kuliko E, kitako cha uzi kwenye daraja kirudishwe nyuma. Skrubu ya kitako hicho ikiwa na kutu, achana na besi hiyo.

Amplifaya si lazima. Chomeka kwenye kadi ya sauti, kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta: tundu la ala, si la maikrofoni.