Somo: Kujaribu API ya REST na kuiandikia nyaraka

Nimeulizwa mara nyingi mno jinsi ya kujaribu API ya REST (njia ya programu kuwasiliana na seva kupitia wavuti) na kuiandikia nyaraka, hivyo naliandika mara moja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Hatua ya 1. Tuma ombi la GET (la kusoma data) kwa curl, programu ya kutuma maombi kwa kuandika amri, ukiongeza `-i`, ili uone msimbo wa hali (namba inayoonyesha kama ombi limefaulu) na vichwa vya jibu (maelezo yanayotangulia data).

Hatua ya 2. Tuma POST (ombi la kupeleka data). `-d` peke yake hupeleka data kama fomu, si JSON (mpangilio wa data unaotumiwa na API nyingi), na seva nyingi huikataa kwa 415 au 400. Tumia `--json` ikiwa curl yako ni toleo la 7.82 au jipya zaidi.

Hatua ya 3. Maombi yaliyofaulu yahifadhi kwenye Postman, programu ya kutunza na kurudia maombi.

Hatua ya 4. Eleza kila anwani ya API katika faili ya OpenAPI (mfumo wa kuelezea API, ulioitwa Swagger hadi 2016), kisha uifungue kwa Swagger UI, ukurasa unaoonyesha nyaraka hizo na kukuwezesha kuzijaribu. Hapa ndipo nilipojikwaa. Faili yangu haikuwa na sehemu ya `servers`, na kwa kanuni za OpenAPI sehemu hiyo ikikosekana anwani ya seva huwa `/`, yaani seva ileile iliyotoa faili, nami nilikuwa nimeiweka kwenye seva inayohudumia wateja. Nikabonyeza "Try it out" kwenye DELETE (ombi la kufuta), nikajaza 1 kama namba ya mteja, kisha nikabonyeza "Execute" nikidhani ni maonyesho tu, likarudi jibu la 204, yaani ombi limefaulu. Mteja wetu wa kwanza kabisa alikuwa amefutika, ikabidi tumrudishe kutoka nakala rudufu. Kitufe kile hakiigizi. Kinatuma ombi la kweli. Andika `servers`, na seva ya majaribio itangulie, kwa sababu ya kwanza ndiyo inayochaguliwa ukurasa unapofunguka.

Swali: Nimefuata yote, haifanyi kazi.

Jibu: Umerudishiwa msimbo gani? Rejea hatua ya 1.

Swali: 401.

Jibu: Seva haijakutambua, tokeni (msimbo wa siri unaokutambulisha) haipo, ina kosa au muda wake umekwisha. Ingekutambua na kukunyima ruhusa, ungepata 403.

Swali: Nitajuaje kwamba nyaraka bado zinalingana na programu baada ya mabadiliko mengi?

Jibu: Wengi hawafikirii hilo hadi walalamikiwe. Jaribu programu ya Schemathesis: husoma faili ya OpenAPI, hutunga maombi yenyewe, hata yale ya ajabu ambayo usingeyawazia, kisha hulinganisha majibu na ulichoandika. Ielekeze kwenye seva ya majaribio pekee, maana nayo hutuma DELETE.

Swali: Nimesikia kwamba programu ya jq huipanga JSON isomeke vizuri, ila nikiipa jibu la curl inatoa kosa.

Jibu: Hukuiondoa `-i` kwenye amri ya curl. Vichwa vya jibu si JSON, kwa hiyo jq hukwama kwenye mstari wa kwanza. Weka `-s` badala yake.