Somo: Fukwe za Zingaro, Sisilia, kwa miguu

Wakuu, kila mara nakuta PM ile ile: "Italia kuna bichi gani haijajaa vitanda vya kulipia?" Naandika leo, nisisumbuliwe tena.

Zingaro ni hifadhi iliyoko kaskazini-magharibi mwa Sisilia, kati ya kijiji cha Scopello na mji wa San Vito Lo Capo. Mwaka 1980 watu waliandamana kupinga barabara iliyokuwa ipasuliwe kando ya bahari, na 1981 pakawa hifadhi. Ukiingia kwa Scopello unapita kwenye handaki; ndilo baki la barabara hiyo.

1. Shukia Palermo au Trapani.

2. Kodi gari.

3. Kiingilio kinalipwa getini, beba pesa taslimu.

4. Maji ya kutosha na chakula. Ndani usitegemee duka.

5. Rudi kwa geti uliloingilia. Hapa ndipo watu wanaponasa. Njia ya pwani ni kama kilomita 7, na kwenye ramani unajiambia: naingia Scopello, natokea San Vito, napanda usafiri kurudi. Usafiri gani? Barabara ya kuunganisha mageti ndiyo hiyo iliyozuiwa. Gari linazunguka nyuma ya milima, safari ndefu. Mimi nilitokea upande wa pili jua linazama, kandambili imekatika, nikaanza kuomba lifti kwa lugha ya mikono. Kwa hiyo: kwenda na kurudi ni kilomita 14, juani, vivuli vya kuhesabu. Unaingia Scopello? Ishia Cala Marinella (cala ni kighuba kidogo). Unautaka ufukwe wa Tonnarella dell'Uzzo? Anzia San Vito.

6. Viatu vya kufunga. Fukwe ni kokoto.

Halafu, siku za joto kali na upepo wa sirocco, ule wa moto utokao Sahara, hifadhi hufungwa kwa hofu ya moto. Agosti 2020 iliungua vibaya. Ulizia kabla ya kutoka hotelini.

Kobe Mjanja: Mkuu, gari linafika hadi bichi?

Jibu: Soma namba 5.

Kobe Mjanja: Nimesoma, nauliza kama kuna njia ya mkato.

Jibu: Hakuna. Hata kwa rushwa.

Binti Malindi: Waitalia wa huku wanasema kwao ufukwe ni wa kulipia. Kweli?

Jibu: Nusu kweli, dada. Ufukwe ni mali ya umma, ila sehemu kubwa imekodishwa kwa wenye vitanda na miamvuli. Ukiona kibao "spiaggia libera", yaani ufukwe huru, tandika kanga yako bure. Hata mbele ya zile za kukodi, ukanda unaogusana na maji kupita ni ruksa. Usijilaze tu hapo. Zingaro unalipa geti basi, vitanda hakuna.

Binti Malindi: Asante. Nije na mkeka wangu wa miyaa?

Jibu: Njoo nao, watakuelewa! Vichakani mle Zingaro kumejaa mmea mfupi wa jamii ya mitende, majani yake kama kipepeo cha kupepelea moto, wanauita giummara. Wazee wao walisukia vikapu, kamba na mafagio. Usikate hata jani moja lakini, ni hifadhi.

Mvuvi Mstaafu: Mwezi gani mzuri?

Jibu: Juni au Septemba, mzee wangu. Kimbia tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, Italia nzima iko majini. Septemba bahari bado ina joto. Beba miwani ya kuzamia, maji ya kokoto hayatibuki, unawaona samaki hadi chini.

Kobe Mjanja: Sasa hilo gari naliacha wapi?

Jibu: Maegesho yako getini. Wahi asubuhi.