Kiki bubu ya kuongoza besi

Namiksi chakacha ya kielektroniki hapa Malindi, kiki (ngoma nzito ya mdundo) na besi zikagombea nafasi moja mpaka nikapata njia ambayo sasa siiachi. Kompresa ya besi, yaani kifaa kinachoshusha sauti inapozidi, usiiongoze kwa kiki yenyewe. Fungua traki nyingine, weka mlio mfupi mkavu kila panapogonga kiki, na uufanye ulishe saidicheni (mlango ambao kompresa husikilizia traki nyingine) peke yake. Hiyo ndiyo kiki bubu. Ili isisikike, usitumie myuti (kitufe cha kunyamazisha traki), maana kwenye baadhi ya programu hukata na saidicheni pia. Ondoa tu njia ya traki hiyo kwenda masta, yaani mkondo wa mwisho wa sauti zote. Kompresa sasa inasikia pigo lilelile kila mara, kwa hiyo besi inashuka sawasawa hata ukibadilisha kiki mara kumi, na kiki ikinyamaza katikati ya wimbo besi inaendelea kuhema. Raha sana hiyo! Mimi naanza na uwiano wa kompresa wa 4:1, besi ishuke desibeli 3 hadi 6. Kazi iko kwenye kurudi, yaani muda wa besi kupanda tena: gawa 60,000 kwa tempo (mapigo kwa dakika). Tempo ya 120 inakupa milisekunde 500 kati ya pigo na pigo, na besi lazima iwe imesharudi kabla ya hapo. Anza na milisekunde 150 za kurudi, ongeza kwa sikio. Ukisikia "tk" besi inaposhuka, ataki (muda wa kompresa kuanza kushusha) ina haraka mno. Ipe milisekunde 5 hivi. Kwa vumi (aina ya ngoma) lililorekodiwa likipigwa kwa mkono njia hii hukwama, kwani mpigaji hutangulia au huchelewa kidogo na mlio uliopangwa kwenye gridi (mistari ya tempo kwenye programu) humkosa. Hapo sogeza kila mlio kwa mkono, ufuate pigo lake.