Neno refu lianzie nyuma

Walimu na wazazi wenye mtoto wa la sita au la saba anayesoma kwa shida (disleksia, uelewa wa polepole n.k.), nimejifunza hiki wiki hii darasani. Akikwama kwenye neno kama "hawakutusubiri" usimwambie asome silabi moja moja kuanzia ha, maana akifika ri ha ameshaisahau. Chukua kikadi, ziba mbele yote abaki na "subiri" tu, hilo analijua toka nyumbani. Sogeza kikadi kushoto kidogo: tusubiri, kutusubiri, wakutusubiri, hawakutusubiri. Halafu alisome neno zima mara moja na sentensi yake yote, usiruke hapo. Inasaidia kwa sababu kitenzi cha Kiswahili mzigo wake mwingi uko mbele na maana iko kwenye mzizi, so anaanza na kitu anachokielewa na kila hatua anaongeza kipande kimoja tu. Kikadi ashike mwenyewe jamani, ukimshikia anakuwa anakusubiri wewe. Haifanyi kazi kama bado silabi zenyewe zinamchanganya (mwa, nywa, ng'o), huyo rudi kwenye silabi kwanza. Mizizi mifupi kama "hawajala" nayo inasumbua, ukibakiza "la" anasoma la ya hapana. Kiingereza usijaribu, tahajia yake haiendi hivi. Na akiwa anasogeza kitabu karibu na pua, apimwe macho kwanza.