Kabla Hujanunua Sedani ya Kifahari Iliyozeeka

Wengi wetu ughaibuni, kipato kikishatulia kidogo, macho huanza kuyafuata magari ambayo zamani tuliyaona yakiwabeba wakubwa tu: Mercedes-Benz S-Class, BMW 7 Series, Audi A8, Lexus LS. Likifikisha miaka 12 au 15, gari la namna hiyo huuzwa kwa bei ya gari dogo la kawaida. Ngozi ya viti bado laini, rangi bado inang'aa, milango inafungwa kwa ule mlio mzito unaoujua. Sikukatazi kulinunua. Nimelimiliki la aina hiyo miaka minne na nililipenda. Ila niliingia bila hesabu, na sitaki nawe uingie hivyo.

Jambo la kushika ni hili: bei ya gari imeshuka, bei ya kulitunza haijashuka. Siku lilipotoka kiwandani lilikusudiwa mtu mwenye uwezo mkubwa, na vipuri vyake vinaendelea kuuzwa kana kwamba mwenye gari bado ni yule yule. Malipo ya fundi nayo ni hivyo hivyo, maana kazi ya saa moja kwenye gari la kawaida hapa inaweza kula siku nzima kwa sababu nafasi chini ya boneti ni finyu. Kwa hiyo kabla hujaanza kubishana na muuzaji, pigia simu gereji mbili zinazolijua gari hilo, uliza bei ya vitu vinne, kipuri na ufundi pamoja: shokapu moja ya mbele, taa moja kubwa ya mbele, matairi manne ya saizi yake, na kazi ya taimingi, yaani mkanda au cheni inayooanisha mizunguko ya ndani ya injini. Jumlisha. Ikiwa jumla inakaribia bei ya gari lenyewe, angalau sasa unajua umesimama wapi.

Nitakaa zaidi kwenye mfumo wa hewa unaolibeba gari, kwa kuwa ndio ulioniumiza na ndio wanunuzi wengi hawaukagui. Mercedes-Benz waliuweka kwenye S-Class iliyotoka mwaka 1998 kwa jina la AIRMATIC, na sedani nyingi kubwa za baada ya hapo zina kitu kama hicho. Badala ya springi za chuma, gari linakalia mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Kuna kompresa inayosukuma hewa na sensa zinazopima urefu wa gari kutoka chini. Ukiwa barabarani unaona kama unaelea. Lakini mpira ni mpira: baada ya miaka unakauka, unapata nyufa ndogo kwenye mikunjo, hewa inaanza kutoka polepole. Usiku gari linashuka. Asubuhi ukiwasha, kompresa inalipandisha, nawe unaondoka zako ukidhani limepona.

La kwangu nililikuta asubuhi moja ya baridi limelala upande wa mbele kulia, kama ngamia aliyepiga goti moja. Nikawasha, likainuka, nikaenda kazini. Nikafanya hivyo wiki sita. Kumbe kila siku kompresa ilikuwa inafanya kazi mara nyingi kuliko ilivyoundwa, kufidia hewa iliyokuwa ikivuja, mpaka ikaungua. Bili ya mfuko mmoja ikageuka bili ya mfuko na kompresa, na gari likabebwa kwenye lori kwa sababu lilikuwa limekaa chini kabisa juu ya matairi. Ningelitengeneza wiki ya kwanza, ningelipa chini ya nusu.

Kwa hiyo unapokwenda kuliona, mwambie muuzaji mapema asiliwashe tangu jana yake. Nenda asubuhi. Gusa boneti: iwe ya baridi. Kisha weka vidole vyako vilivyolala kati ya tairi na bodi, kwenye kila gurudumu, uhesabu vinaingia vingapi. Kulia na kushoto vilingane. Washa, sikiliza kompresa: ingurume kidogo na kunyamaza. Ikiendelea kunguruma dakika baada ya dakika, kuna mahali panavuja. Wapo watakaokushauri uondoe hewa ufunge springi za chuma. Inawezekana, na kwa mtu anayetaka tu kufika kazini ni njia ya busara, lakini ile raha ya kuelea uliyoifuata utakuwa umeipoteza. Baadhi ya Mercedes-Benz kubwa zinatumia mafuta ya presha kubwa badala ya hewa, mfumo uitwao ABC. Huo ni ghali zaidi, na kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ningesema liache.

Kwenye injini, maswali mawili yanatosha kumpima muuzaji. La kwanza ni oili ya giaboksi. Ataweza kukuambia kwamba ni ya maisha yote, haibadilishwi. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, inayotengeneza giaboksi za magari mengi ya BMW, Audi na Jaguar, yenyewe inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Gari lenye kilomita 200,000 ambalo halijawahi kubadilishiwa oili hiyo linakuja na deni hilo. La pili ni taimingi. Lexus LS 430 inatumia mkanda, na mkanda una muda wake, kwa hiyo taka risiti. Audi V8 ya lita 4.2 ya kizazi cha FSI (petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda) ina cheni zilizowekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, hivyo zikianza kulia injini hutolewa nzima. BMW waliweka turbo katikati ya V, yaani kati ya safu mbili za silinda, kwenye injini yao ya N63, na joto la pale hukausha mipira na plastiki zilizo karibu. Kama unataka usingizi, Lexus ndiyo ningeanza nayo, ingawa nayo bushi za miguu ya mbele si rahisi.

Umeme wa magari haya unatisha kuliko ulivyo. Dashibodi ikijaa taa za onyo kwa mpigo, pima betri kwanza, maana betri dhaifu huchanganya kompyuta zote. Jua pia kwamba kwenye BMW nyingi betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari. Kifaa cha bei rahisi cha kusomea makosa kinasoma injini tu, na wewe unahitaji kinachosoma breki, mfumo wa hewa na mifuko ya usalama (airbag) pia. Fundi akishalisoma gari kwa kifaa hicho, mwombe aangalie kama vipimo ambavyo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe vimekamilika. Visipokamilika, huenda kuna mtu amefuta makosa siku chache zilizopita, au betri ilitolewa. Muulize muuzaji ni lipi kati ya hayo, kisha endesha gari kwa muda mrefu uone taa ipi inarudi.

Matairi yanasema mengi. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka lilipotengenezwa: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Matairi ya makampuni manne tofauti kwenye gari la kifahari yananiambia mwenye gari amekuwa akinunua kinachopatikana siku hiyo, na sitegemei kuwa oili aliitendea vingine. Andika namba ya chasisi, tarakimu na herufi 17, uitafute kwenye ukurasa wa mtengenezaji uone kama gari limeitwa kurudishwa kurekebishwa. Mifuko ya usalama ya kampuni ya Takata iliitwa kurudishwa kwenye magari ya kampuni nyingi, kwa sababu baadhi yake hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kubadilishiwa ni bure, na gari lisilobadilishiwa usilipandishe familia.

Bima kubwa ifikirie kwa makini. Kampuni hulipa thamani ya gari ya siku ya ajali, na kwa gari la thamani ndogo lenye vipuri vya bei kubwa, kugongwa kidogo tu mbele kunaweza kutosha kulitangaza halifai kutengenezwa. Mkopo ndio nisiokubali kabisa. Gari linaweza kufa marejesho yakiwa bado nusu, nawe ukaendelea kulipia chuma kilichokaa.

Kanuni yangu ya akiba: siku unayolipa gari, ubaki na nusu ya bei yake benki, isiyohusiana na kodi ya nyumba wala fedha za kutuma nyumbani. Kama kulinunua kunamaliza akiba, subiri mwaka mmoja. Pia weka kikomo mapema, uandike kiasi ambacho bili moja ikikizidi utaliuza kama lilivyo.

Mimi nilifika kikomo changu kwenye giaboksi. Mnunuzi alinipigia jioni akaniomba nisiliwashe mpaka afike. Asubuhi nikamkuta ameinama kwenye gurudumu la mbele kulia, anahesabu vidole. Nilimweleza habari ya giaboksi kabla hajauliza, nikamkabidhi faili lote la risiti.