Kuweka seva ya familia Mtwara kwa kompyuta ya zamani na programu huria

Seva ya nyumbani ni kompyuta isiyozimwa ambayo hutunza picha na nyaraka za familia, ili zisilazimike kukaa kwenye ghala la kampuni iliyo ng'ambo. Huhitaji mtambo mpya. Kompyuta mpakato ya zamani yenye kumbukumbu ya muda (RAM) ya gigabaiti 4 inatosha, na kwa hapa Mtwara naipendelea kuliko Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, kwa kuwa betri yake, hata iliyochoka na kubakiwa na nusu saa, huivusha seva pale umeme unapokatika na kurudi ghafla. Iweke mbali na dirisha linaloelekea baharini, maana upepo wa Shangani una chumvi, nayo chumvi hula chuma.

Pakua Debian, mfumo endeshi huria uliopo tangu 1993, uuandike kwenye flashi na kuusimika. Utakapofika hatua ya kugawa diski, chagua kutumia diski nzima pamoja na usimbaji fiche, yaani kuyafunga mafaili yasisomeke bila nenosiri. Faragha huanzia hapo: mwizi akiibeba mashine ikiwa imezimwa, picha za watoto wako hatazifungua. Usumbufu wake ni kwamba kila mashine inapowashwa upya, lazima mtu aandike nenosiri kwa mkono. Ukiwa safarini Masasi na umeme ukakatika usiku kucha, seva italala mpaka urudi. Mimi nimeukubali usumbufu huo.

Ili mashine isisinzie unapofunga kifuniko, fungua faili la /etc/systemd/logind.conf, uandike HandleLidSwitch=ignore, kisha uiwashe upya. Sakinisha pia unattended-upgrades, ambayo huingiza masahihisho ya usalama yenyewe.

Programu ya kuanzia ni Syncthing, ambayo huoanisha mafaili baina ya vifaa vyako bila kuyahifadhi kwa mtu wa kati. Isakinishe kwenye seva kwa apt, amri ya Debian ya kusakinisha programu, na kwa simu za Android tumia Syncthing-Fork, uipate F-Droid, duka la programu huria. Kisha kila kifaa kitambulishwe kwa mwenzake kwa namba yake ndefu, au kwa kuuelekezea kamera msimbo wake wa QR. Katika msimu wa korosho mzee wetu hupiga picha kila stakabadhi anayopewa ghalani, na akifika nyumbani simu ikashika Wi-Fi, picha hizo huhamia kwenye seva bila kula bando.

Sasa jambo lililonigharimu. Kuoanisha si kuhifadhi. Mpwa wangu alifuta picha kwenye simu ili apate nafasi, na Syncthing, kwa utiifu wake, ikazifuta kwenye seva pia. Kwenye mipangilio ya folda upande wa seva, washa utunzaji wa matoleo ya zamani, ambao mwanzoni huwa umezimwa, na ufanye hivyo kabla ya kuunganisha simu ya kwanza.

Usifungue mlango wowote wa mtandao (port) kwenye ruta ili seva ionekane kutoka nje. Mitandao ya simu mara nyingi huwapa wateja wengi anwani moja ya umma, hivyo jitihada hiyo huenda isifaulu, na ikifaulu itawakaribisha wabisha hodi wa dunia nzima. Ukiwa mbali, Syncthing inaweza kupitia vituo vya kati, ambavyo hupitisha mafaili yakiwa yamesimbwa na haviwezi kuyasoma. Ukiwa nyumbani, huihitaji hata intaneti: Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipoharibika baharini na mtandao ukazorota nchini, picha zetu ziliendelea kuhama kutoka chumba hadi chumba kama kawaida.

Mwisho, nunua diski ya nje na utumie BorgBackup kutengeneza nakala rudufu iliyosimbwa, mara moja kwa wiki. Diski hiyo isilale nyumba moja na seva; yetu inakaa kwa ndugu Mikindani. Kila mwezi rejesha mafaili mawili matatu kutoka humo ili ujue kwamba yanafunguka kweli, na nenosiri lake liandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na hati za shamba.