Jinsi ya kupumzika kati ya seti na seti, chuma kisikukatae katikati ya tizi

Nafundisha vijana kunyanyua vyuma hapa Kigoma, upande wa Mwanga, nusu ya vyuma vyetu ni vya kiwandani na nusu ni zege tulilomimina wenyewe kwenye makopo ya rangi, na kinachowakwamisha wengi naona ni zile dakika za katikati ya seti na seti, seti ni ule mfululizo wa kunyanyua bila kupumzika. Mtu anashusha chuma, anashika simu, mwenzake anaita zamu yako, anaingia tu bado anahema.

Hatua ya 1: weka saa. Hii ndo kubwa kuliko zote. Kwenye msuli kuna akiba ya nguvu ya haraka, inaitwa fosfokreatini, hiyo ndo inabeba zile repu nzito za mwanzo, repu ni kunyanyua na kushusha mara moja. Ukimaliza seti inarudi kama nusu ndani ya sekunde 30 hivi, ila kujaa karibu yote inataka dakika 3 mpaka 5. Kwaiyo chuma kizito cha repu 1 mpaka 5 pumzika dakika 3 mpaka 5, skwati (kuchuchumaa na chuma begani) na benchi (kulala chali unasukuma chuma juu) za repu 8 mpaka 12 dakika 2 mpaka 3, mazoezi madogo ya mikono dakika 1 au moja na nusu inatosha.

Kuna dogo anabeba mizigo Kibirizi, nguvu anazo kweli, ila benchi kilo 70 alikuwa anapiga 8, alafu 5, alafu 3, analalamika kifua hakikui. Nikamshikia saa, anapumzika sekunde 40! Wiki iliyofuata nikamlazimisha dakika 3, kilo zilezile akapiga 8, 7, 7. Yani repu 6 zaidi, chakula kilekile. Na mwaka 2016 Brad Schoenfeld na wenzake kule Marekani walilinganisha dakika 1 na dakika 3 kwa wiki 8, kwa watu waliozoea vyuma, wa dakika 3 wakapata nguvu zaidi kwenye skwati na benchi, na mapaja ya mbele yakajaa zaidi.

Hatua ya 2: rudisha pumzi kabla ya simu. Vuta kwa pua, toa polepole kwa mdomo, mara 5 au 6. Ukitaka kuinama mikono magotini inama, wengi tumefokewa tusimame wima mikono kichwani, lakini ukiinama hivyo moyo unatulia haraka.

Hatua ya 3: tembea kidogo. Baada ya skwati usikae hapohapo, damu imejaa miguuni, ukisimama ghafla unaona giza. Sisi tunaenda mpaka mlangoni upepo wa ziwa unapopita, tunatikisa mikono, tunarudi. Usivute msuli uleule na kuushikilia muda mrefu, unaingia seti inayofuata ukiwa dhaifu.

Hatua ya 4: maji mafunda mawili matatu. Mchana chini ya bati huku kwetu joto sio la mchezo, ila usimalize chupa nzima, tumbo litacheza.

Hatua ya 5: mkiwa watatu benchi moja, zamu zenyewe zinakupa dakika 2 na ushee, msikimbizane. Ukiwa peke yako na muda ni mdogo, changanya misuli inayopingana, piga benchi, pumzika dakika 1, vuta chuma kuja tumboni, pumzika dakika 1, rudi benchi. Kifua kinapumzika wakati mgongo unafanya kazi.

Hatua ya 6: jipime kabla ya kuingia. Ongea sentensi nzima, ikikatika kwa kuhema ongeza sekunde 30. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikigoma kuisha, tizi la siku hiyo limeisha, nenda hospitali.

Alafu andika repu zako ukutani kwa chaki kila seti. Seti ya tatu ikishuka zaidi ya repu 3 kutoka ya kwanza, ongeza dakika kwanza kabla hujapunguza kilo.